Jioni ya Mashairi Inayowachosha Wasikilizaji

SWALI: Kila mwezi tunaandaa jioni ya mashairi mtaani. Washairi huwa 20, tunaanza saa moja jioni, lakini ikifika saa tatu nusu ya ukumbi ni viti vitupu. Tufanyeje?

JIBU: Ishirini ni wengi mno. Mpe kila mmoja dakika 5, ongeza 2 za utambulisho, makofi na kuhangaika na maikrofoni, tayari ni saa 2 na dakika 20. Nani atavumilia?

Chukueni 12, kila mmoja dakika 3, na mapumziko ya dakika 15 katikati. Mashindano ya slamu (washairi hughani jukwaani na kupewa alama), yaliyoanzia Chicago, Marekani, miaka ya 1980, kwa kawaida humkata alama anayepitisha dakika 3 na sekunde 10. Nyinyi hamhitaji alama: mtunza saa akae mstari wa mbele, ainue kadi ikibaki dakika 1. Daftari la majina lifungwe kabla ya kuanza, hata akija rafiki wa mwenyekiti (na atakuja).

Mgeni mwalikwa asome mara baada ya mapumziko. Akitangulia, waliomfuata yeye huondoka naye.

Maikrofoni nayo huharibu mengi. Ikigusa midomo, “p” na “b” hupasuka. Ikiwa mbali, mwisho wa mshororo humezwa. Umbali wa ngumi moja, kando kidogo ya kinywa, unatosha. Anayesoma kwenye simu azime kwanza mlio, aongeze muda wa kioo kujizima. Karatasi ya maandishi makubwa ni bora zaidi.