Printa inayoandika "Offline" kila asubuhi

Juzi dada mmoja mwenye steshenari Nansio aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Printa yangu jioni inachapa vizuri tu, asubuhi nikifungua duka inaandika 'Offline'. Fundi anasema bodi imekufa. Nipande meli kuja Mwanza kununua nyingine?"

Usipande, dada. Bodi iliyokufa haifufuki ikifika jioni. Na fundi anayeua printa ya mtu kabla hajaichapisha karatasi ya taarifa zake za mtandao anabahatisha, tena kwa pesa yako.

Ukifunga duka unazima kila kitu, ikiwemo rauta, kile kifaa kinachogawa mtandao. Asubuhi vyote vinawaka pamoja, na rauta nyingi ndogo zikishazimwa hazikumbuki jana zilimpa nani namba ipi ya mtandao (anwani ya IP). Tuseme jana printa ilikuwa 192.168.1.5. Leo simu yako imewahi ikachukua 5, printa ikapewa 7. Kompyuta haina habari, inaendelea kupeleka kazi kwa 5. Inabisha hodi, hakuna anayeitikia.

Dawa ni kuipa printa namba isiyobadilika. Chapa kwanza karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, kupitia menyu ya mtandao. Kwa zisizo na kioo, kijitabu chake kinaonyesha kitufe cha kushikilia. Humo utakuta anwani ya IP na anwani ya MAC, utambulisho wa kifaa chenyewe, ile yenye jozi sita za herufi na tarakimu. Kisha fungua ukurasa wa rauta kwenye kivinjari (anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tazama stika iliyo chini yake), ingia sehemu ya DHCP, inayogawa namba, andika ile MAC na uitengee namba moja. Kama rauta haina nafasi hiyo, weka namba kwenye printa kwa mkono, ila iwe nje ya zile rauta inazogawa. Ikigawa 100 hadi 199, wewe chukua 192.168.1.200. Ukichukua iliyo ndani, siku moja simu ya mteja itapewa hiyohiyo na mtagombana upya.

Bado kompyuta. Fungua sifa za printa, nenda "Ports", ongeza "Standard TCP/IP Port", andika namba mpya. Usiiache Windows ijitafutie, maana mara nyingi huchagua njia ya WSD (ya kutafuta vifaa yenyewe mtandaoni), na hiyo hupoteza printa iliyo mezani palepale.

Lakini hebu tuulizane: kompyuta moja, printa moja, meza moja, wifi ya nini? Tumia waya wa USB. Mita 1.5 zinatosha, mwisho wake ni mita 5, na ukiunganisha nyaya mbilimbili tegemea kurasa zinazokatika katikati. Chomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye kigawanyio, na tundu liwe lilelile kila siku. Ukihamisha tundu, Windows huweza kuunda printa ya pili yenye "Copy 1" kwenye jina, nawe utatuma kazi kwa ile isiyo na waya. Kwa printa nyingi ndogo za wino, sakinisha draiva (programu ya printa) kwanza, uchomeke waya programu ikikwambia.

Wenye kompyuta tatu na zaidi, kama steshenari za wanafunzi kule Malimbe, wavute waya wa mtandao wa Cat5e kutoka kwenye rauta. Unafika mita 100 na haujali kuta za mawe. Wifi iwe ya mwisho. Printa nyingi za bei nafuu zinaona 2.4 GHz tu, kwa hiyo hotspoti ya simu ikiwa kwenye 5 GHz printa itaapa kwamba hakuna mtandao. Badilisha kwenye mipangilio ya simu. Halafu ukiondoka na simu kwenda kula sato, mtandao nao umeenda kula.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, foleni hukwama na kila unachotuma hujipanga nyuma. Kuzima na kuwasha printa hakusaidii, kwa sababu kilichokwama kiko kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, tafuta "Print Spooler", isimamishe. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo, folda yenyewe iache. Rudi uiwashe.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba. Kile kipashio cha kuyeyushia wino wa unga kikianza kuvuta umeme, UPS inalia na kuzima vyote.

Kwa hiyo, dada, kama lazima uagize kitu Mwanza, agiza waya wa USB. Mwambie anayekununulia atazame kichwa cha upande wa printa: ni cha mraba, pembe mbili za juu zimekatwa. Wengi hurudi na waya wa kuchajia simu.