Vitundu kwenye sufuria za kusubu

SWALI: Sisi ni mafundi wa Katwe, Kampala. Tunasubu sufuria za alumini, yaani tunaiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Zikipoa tunakuta vitundu, nyingine zinavuja. Tunakosea wapi?
Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu zetu, kateni sufuria moja mbovu mtazame. Vitundu laini vya mviringo ni vya gesi. Mapengo yenye kingo za kukwaruza, hasa penye unene, ni ya kusinyaa: alumini hupungua ujazo kwa takriban 6% ikiganda. Hapo ongezeni shimo la akiba, yaani shimo la alumini ya ziada, juu ya sehemu nene; ligande mwisho ili lijaze pengo.

Gesi yenyewe ni haidrojeni, na chanzo chake ni maji na mafuta. Osheni vyuma chakavu, kisha vikausheni kwa moto kabla ya kuviyeyusha. Kipande chenye unyevu kikizama kwenye alumini iliyoyeyuka hulipuka na kuunguza watu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Mimineni kati ya 700 na 750, maana ikizidi hapo hunyonya gesi nyingi. Ikianza kuwa nyekundu kivulini, imezidi. Engueni utando unaoelea juu, msikoroge ovyo.

Mchanga nao upimeni kwa kiganja: ukiufinya ubaki na alama za vidole, ukivunjwa ukatike safi, na kiganja kisilowe. Toboeni matundu ya hewa kwa waya.

Na tafadhali, vyuma vyenye risasi au mabaki ya betri visiingie kabisa kwenye sufuria za chakula.