Wasomaji Wanauliza: Wahubiri wa Mtaani Kutoka Bonde la Makaa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwezi uliopita nilinunua fulana ya mtumba katika soko la Memorial kwa shilingi elfu tatu, nyeusi, ya kitambaa kizito, na kifuani imeandikwa Manic Street Preachers. Niliivaa kwenye mazoezi ya kwaya ya usharika wetu, na mzee mmoja wa kanisa akaniuliza hao wahubiri ni wa dhehebu gani. Nilishindwa kumjibu. Ni akina nani hao?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Mwambie mzee wako wa kanisa kwamba hao hawana dhehebu. Ni bendi ya roki kutoka Wales, na jina lao kwa Kiswahili lingekaribia kuwa "wahubiri vichaa wa mtaani". Husimuliwa kwamba James Dean Bradfield, ambaye ni mwimbaji na mpiga solo wao, alikuwa akipiga gitaa barabarani mjini Cardiff ili apate chochote, ndipo mpita njia mmoja akamuuliza kwa kebehi kama yeye ni mhubiri kichaa wa mtaani, na kebehi hiyo ikageuzwa jina. Yeyote aliyewahi kusimama stendi kuu ya Moshi asubuhi, akamwona mhubiri mwenye spika akishindana na wapiga debe wa mabasi ya Arusha, hahitaji maelezo zaidi.

Bendi ilianza mwaka 1986 huko Blackwood, mji mdogo wa kusini mwa Wales. Bradfield na mpiga dramu Sean Moore ni binamu waliolelewa nyumba moja. Nicky Wire, ambaye leo ni mpiga besi, alikuwa rafiki yao wa shule. Na Richey Edwards alijiunga baadaye, kwanza akiwa dereva wao, kisha akakabidhiwa gitaa la rithimu ingawa kwa kweli hakulimudi. Jukwaani gitaa lake lilikuwa pambo zaidi kuliko ala. Kazi yake halisi ilikuwa kalamu, nami nitarudi kwenye jambo hilo katika swali linalofuata, kwa sababu bila kulielewa huwezi kuielewa bendi hii.

Inafaa pia kujua walikotoka. Mabonde ya kusini mwa Wales yaliishi kwa makaa ya mawe, na vijana hawa walikuwa shuleni wakati wa mgomo mkubwa wa wachimbaji wa mwaka 1984 hadi 1985, ambao ulishindwa. Mgodi wa Oakdale, jirani kabisa na Blackwood, ulifungwa mwaka 1989. Wachimbaji wa mabonde hayo walikuwa na desturi ya kukatwa sehemu ndogo ya mshahara ili kujenga kumbi zenye vyumba vya kusomea na maktaba, na wazee wa Kilimanjaro waliouza kahawa yao kupitia ushirika wanaelewa vizuri jinsi makato madogo madogo yanavyoweza kusimamisha kitu cha wote. Ndiyo maana bendi hii, licha ya wanja machoni na majigambo ya mwanzoni, imekuwa daima bendi ya watu wa vitabu. Edwards na Wire wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Swansea.

Majigambo yenyewe yalikuwa makubwa. Kabla ya albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na nyimbo 18, walitangaza kwamba itauza nakala milioni 16 kisha bendi ivunjwe. Haikufika hata karibu na hesabu hiyo, na bendi haikuvunjwa. Vaa fulana yako bila wasiwasi, ingawa kwenye kwaya ningekushauri uvae nyingine.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mmoja wao alipotea na hakuonekana tena? Na kama ni kweli, waliwezaje kuendelea? Nauliza kwa sababu bendi yetu hapa Ngarenaro ilivunjika baada tu ya mpiga besi kuhamia Dodoma.
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Ni kweli. Tarehe 1 Februari 1995, siku ambayo Richey Edwards na Bradfield walitakiwa kusafiri kwenda Marekani kuitangaza bendi, Edwards aliondoka asubuhi katika hoteli waliyofikia mjini London. Baada ya wiki mbili hivi gari lake lilikutwa limetelekezwa kwenye kituo cha mapumziko karibu na daraja la Severn, linalounganisha England na Wales. Alikuwa na umri wa miaka 27, na mwaka uliotangulia alikuwa ameugua sonona hadi akalazwa, wenzake wakalazimika kupanda jukwaa la tamasha la Reading wakiwa watatu. Hakuonekana tena. Mwezi Novemba 2008 ndipo sheria ilipomtambua kuwa mtu anayedhaniwa amefariki.

Sasa kuhusu kuendelea. Katika bendi nyingi sauti hutangulia, maneno yakapachikwa baadaye, lakini kwa hawa ilikuwa kinyume: Edwards na Wire waliandika mashairi, kisha Bradfield na Moore wakapokea karatasi na kutafuta muziki wake. Anayeijua taarabu ataelewa upesi, maana huko pia mtunga shairi anaweza kuwa mmoja na anayelitilia muziki mwingine, wala hakuna anayeshangaa. Tofauti ni kwamba mtunzi wa taarabu humpa mwenzake vina na mizani, ilhali Edwards alimpa Bradfield insha. Ukiisikiliza albamu yao ya tatu, The Holy Bible ya mwaka 1994, ambayo sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Edwards, utamsikia mwimbaji akikata neno katikati ili apate pumzi, akibana silabi sita mahali pa tatu, akikimbia mstari mzima kama konda anayetaja vituo. Binafsi naona ugumu huo ndio uliompa sauti yake. Maneno mepesi yasingemlazimisha kuimba hivyo.

Kwa hiyo alipotoweka mtu huyo, bendi haikupoteza gitaa, ambalo halikuwa likisikika sana hata kabla. Ilipoteza nusu ya mdomo wake. Walisimama kwa miezi kadhaa. Kisha Wire akaandika maneno ya wimbo kuhusu tabaka la wafanyakazi, akianza na maktaba kwa kukumbuka maandishi yaliyochongwa kwenye maktaba moja ya Newport yanayosema kwamba elimu ni nguvu. Wimbo huo, A Design for Life, ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza mwezi Aprili 1996, na albamu iliyofuata mwezi uliofuata, Everything Must Go, iliwapatia tuzo za Brit mwaka 1997 za bendi bora na albamu bora. Nyimbo tano za albamu hiyo zilitumia maneno ambayo Edwards aliyaacha, ukiwamo ule kuhusu Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, ambapo tarumbeta unayoisikia inapigwa na Sean Moore mwenyewe, mpiga dramu.

Majuma machache kabla ya kutoweka, Edwards alikuwa amewapa wenzake faili la mashairi na michoro. Walikaa nalo miaka 14. Mwaka 2009 walitoa albamu nzima, Journal for Plague Lovers, ambayo maneno yake yote yalitoka humo. Tena kwa miaka mingi baada ya kutoweka kwake waliendelea kumtengea robo ya mapato, fungu lile lile alilokuwa akipata alipokuwapo.

Sisi wa Arusha tunalijua jeraha la namna hii, kwani X Plastaz, kundi la hip hop la hapa kwetu, walimpoteza mwenzao Faza Nelly mwaka 2006, na kila aliyewapenda aliona jinsi nafasi ya msanii isivyozibwa kwa kumtafuta mwingine wa kumwiga. Manic Street Preachers hawakumtafuta. Hukodi wanamuziki wa kuwasaidia jukwaani, lakini mwanachama wa nne hakuwahi kutangazwa. Kuhusu mpiga besi wenu, ndugu yangu, Dodoma si mbali, mpigieni simu.

SWALI: Baba yangu anabisha kwamba hakuna bendi ya wazungu iliyowahi kumpigia Fidel Castro. Mimi nasema ipo. Nani mshindi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Umeshinda, lakini mpe mzee heshima yake. Tarehe 17 Februari 2001 Manic Street Preachers walipiga katika ukumbi wa Karl Marx mjini Havana, Cuba, na Castro alihudhuria. Walipokutana naye kabla ya onyesho walimtahadharisha kwamba muziki wao una kelele, naye akawajibu kwamba hauwezi kuwa na kelele kuliko vita. Maneno hayo yaligeuzwa kuwa jina la filamu ya onyesho hilo.

Safari hiyo haikuwa ya kutafuta picha tu, ijapokuwa picha zilipatikana nyingi. Miaka mitatu nyuma albamu yao ya kwanza kushika namba moja, ya mwaka 1998, ilichukua jina lake kutoka kwa usemi wa Aneurin Bevan, mwanasiasa wa mabonde hayo hayo aliyeasisi huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, na wimbo wao wa kwanza kushika namba moja uliwahusu watu wa Wales waliojitolea kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Mzee wako, ambaye bila shaka anaikumbuka ziara ya Castro hapa nchini mwaka 1977 na ameishi katika mji uliolipa Azimio la 1967 jina lake, atawaelewa watu hawa kuliko wewe. Mketishe, msikilize pamoja.

SWALI: Bado wapo? Na mtu aanzie wapi?
Msomaji, Rau, Moshi

JIBU: Wapo, wote watatu. Mwaka 2021 walishika tena namba moja kwenye chati za albamu za Uingereza, miaka 23 baada ya ile ya kwanza, na mwaka 2025 walitoa albamu nyingine, Critical Thinking. Anza na Everything Must Go, kwa sababu ina vinanda vya nyuzi na viitikio vinavyoshikika hata kwa asiyezoea roki. The Holy Bible iache kwanza. Ni kazi yao kubwa kuliko zote kwa maoni yangu, lakini haifai kuchezwa asubuhi, wala kwenye daladala.