Supachaja, Ethanoli na Jeti ya Kabureta

SWALI: Habari zenu wataalamu. Nina pampu ya maji ya cc 163 shambani kwangu la mpunga hapa Ahero. Nimeifungia supachaja ndogo ya mkanda, yaani pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hewa inapitia kabureta kwanza ndipo iingie supachaja. Naendesha kwa ethanoli (pombe ya mafuta) ya asilimia 95. Bila mzigo inanguruma vizuri, lakini nikifungulia maji inakohoa kupitia kabureta na kuzima. Jeti, yaani kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta, ni ileile ya petroli, kipenyo milimita 0.70. Nifanyeje? – Msomaji, Ahero

JIBU: Usiipe mzigo tena na jeti hiyo, utatoboa pistoni. Injini ina njaa ya mafuta. Kilo moja ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa, ya ethanoli na kilo 9 tu, kwa hiyo inataka mafuta karibu mara moja na nusu kwa ujazo.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanazidisha kipenyo cha jeti kwa 1.5 na kupata 1.05. Kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu, na kwa kipenyo hicho limeshakuwa mara 2.25, mafuta yatafurika na kuosha oili kwenye silinda. Kipenyo kizidishe kwa 1.22 hivi, upate 0.86. Kwa kuwa ethanoli yako ina maji, na supachaja inataka mchanganyiko mzito, anzia 0.92 ukishuka kwa hatua ya 0.02. Pampu ikipata nguvu kamili, rudi juu hatua moja na uache hapo. Nunua jeti za akiba, uzitoboe kwa keekee ndogo ya mkononi, kamwe si kwa waya. Jeti ya slo (ya injini ikizunguka polepole bila mzigo) nayo iongeze kwa uwiano huohuo.

Kisha chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, ukinge kwa kikombe: kwa dakika moja upate mililita 100 au zaidi. Ikipungua, safisha filta na tundu la hewa la kifuniko cha tangi.

Weka plagi baridi zaidi (inayopoteza joto haraka) kwa daraja moja, pengo milimita 0.6. Usihukumu mchanganyiko kwa rangi yake, maana ethanoli huiacha karibu nyeupe hata mchanganyiko ukiwa sawa. Ukipata kipimo cha lamda (kinachoonyesha uwiano wa hewa na mafuta; chini ya 1 mafuta yamezidi), kwa mzigo kamili kisome 0.80 hadi 0.85.

Shinikizo la supachaja lisizidi baa 0.3 na gavana (kidhibiti cha kasi) usiiguse. Konrodi (mkono wa pistoni) ya injini hizi nyingi ni alumini, itavunjika. Bomba la kutoka supachaja hadi silinda limejaa mchanganyiko unaowaka, hivyo lifungie valvu ya kupunguza shinikizo, la sivyo mlipuko mmoja wa nyuma utalipasua.

SWALI: Yangu ni ya aina hiyohiyo, ila asubuhi haiwaki. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Chini ya nyuzi 15 ethanoli haitoi mvuke wa kutosha. Tia kijiko kimoja cha chai cha petroli kwenye koo la kabureta, rudisha filta, ndipo uvute kamba. Jeti iliyopangwa Kisumu itakuwa nzito kidogo Nakuru, kwani hewa ya huko ni nyepesi. Shusha hatua moja. Ukiteremka nayo Kisumu, ipandishe kabla ya kuwasha. Jioni mwaga mafuta yote ya bakuli la kabureta: maji yaliyomo hula alumini usiku kucha.