Kwako unayeanza kupiga kwenye kundi la sifa

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu. Umekubaliwa kwenye kundi la sifa, umepewa siku ya mazoezi na umeonyeshwa pa kuchomeka waya wako. Nimepiga besi kanisani kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na kabla hujaanza kuhangaika na milio na midundo nataka ujue kazi yenyewe ni ipi. Kazi ya kundi la sifa ni kuwafanya waumini waimbe. Watu wakisimama wanawatazama tu, basi hata mpige kwa ufundi gani, hapo mmefanya onyesho. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona makanisa ambayo kila chombo kinachoongezwa, sauti ya watu inapungua.

Kinachowanyamazisha watu kuliko kingine chochote ni ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unapigwa. Wimbo mnautoa YouTube, aliyeurekodi ni dada mwenye sauti ya kwanza iliyofanyiwa mazoezi miaka na miaka, nanyi mnaubeba ulivyo mpaka madhabahuni. Ubeti wa kwanza watu wako nanyi. Kiitikio kikipanda, kina baba wananyamaza, kina mama wanabaki wachache, na kiongozi wa sifa anaanza kuwalaumu kwamba hawana moto. Moto wanao, koo ndizo hazifiki. Kusanyiko la kawaida linaimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya kati hadi D ya oktavu inayofuata, wanaume wakiimba hayo hayo oktavu moja chini. Basi unapochagua ufunguo usiangalie noti ya kuanzia, tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Ikigonga F, shusha nusu toni tatu, itue kwenye D. Na kwenye ibada ya kwanza, ile ya asubuhi sana, shusha zaidi, maana sauti za watu bado zimelala.

Hapo ndipo kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda kinapoleta shida. Wapiga kinanda wetu wengi wamejifunzia kwenye C, wengine kwenye vitufe vyeusi pekee, halafu kitufe hicho kinafanya mengine. Kinasaidia, lakini kiongozi akipandisha wimbo ghafla katikati ya ibada, mwenye kinanda anatafuta kitufe huku mpiga gitaa ameshakwenda. Jifunze kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za moja, nne na tano katika F, G, B bemoli na E bemoli kwa vidole vyako mwenyewe, kisha ongeza mbili na sita ndogo. Kwa hizo utapiga sehemu kubwa ya mapambio na tenzi zinazoimbwa makanisani kwetu. Mwenye gitaa ana kapo, kibano cha shingoni kinachopandisha ufunguo, ya kumwokoa. Sisi wa besi hatuna, kwa hiyo tunalazimika kujua shingo yote ya gitaa, na ni vizuri iwe hivyo.

Pambio liheshimu. Vijana wengi wanaokuja siku hizi wanaliona ni dogo kwa sababu lina mistari miwili mitatu. Lakini angalia linavyofanya kazi: kiongozi anatanguliza maneno, watu wanajibu, mzunguko wa pili hata mgeni aliyeingia leo kwa mara ya kwanza anaimba bila kitabu wala skrini. Wimbo mrefu wenye beti nne, daraja (kipande cha kuunganisha) na viitikio viwili tofauti hauwezi hilo. Sisemi nyimbo ndefu za kisasa zisiimbwe. Nasema wimbo mpya usizidi mmoja kwa Jumapili, na urudiwe Jumapili tatu au nne mfululizo kabla hamjaleta mwingine. Waimbaji mtakuwa mmeuchoka. Waumini ndio kwanza wanaanza kuushika.

Sebene, ile sehemu ya kucheza inayoendeshwa na magitaa, ni suala la peke yake. Tumelipokea kutoka Kongo, na limeingia kanisani likakaa. Waliolijenga walilipanga kwa akili sana: mpiga gitaa la rizimu anashika mzunguko mfupi asioubadilisha, solo anapamba juu yake, mi-solo anajaza kati yao, besi inaruka na kutua pamoja na dramu. Kila mmoja ana nafasi ndogo na anakaa humo. Kundi changa linaharibu sebene pale kila mtu anapotaka kuwa solo. Ukiwekwa kwenye rizimu, usione umedharauliwa. Shika mzunguko wako dakika nzima bila kuugusa, na utaona watu wanavyoingia kucheza. Jingine ni kasi: sebene linaanza kwenye mapigo 115 kwa dakika na bila mtu kugundua limefika 140, wazee wameketi, watoto peke yao ndio wanaoruka. Pakua metronomu kwenye simu, mpiga dramu afanye nayo mazoezi nyumbani. Na sebene likikolea, kiongozi arudishe maneno kila baada ya muda, watu wakumbuke wanamchezea nani.

Kwenye kuabudu kazi inageuka. Hapa sifa ya mpigaji ni kile anachoacha kupiga. Mpiga kinanda atoe mkono wa kushoto kwenye noti za chini, awaachie wa besi. Wawili wakikaa chini pamoja sauti inakuwa tope na hakuna anayesikia ufunguo uko wapi. Dramu inaweza kunyamaza kabisa ubeti mzima. Na mchungaji akianza kuomba, kinanda kibaki chini ya sauti yake, kodi ndefu mbili tatu, bila melodia inayovuta sikio. Usicheze wimbo ambao watu wataanza kuuimba kichwani wakati wanaongozwa katika sala.

Tukija kwenye ukubwa wa sauti, hili linahusu afya na si ladha tu. Wataalamu wa usalama kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unakatwa nusu. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ibada zetu zinakwenda saa tatu, nne, kwenye kumbi zenye kuta za saruji na paa la bati, ambako sauti inagonga na kurudi. Mara nyingi walioketi karibu kabisa na spika ni watoto wa shule ya Jumapili. Wakati wa mazoezi nenda ukasimame mahali wanapoketi, usikilize. Spika ikipiga mluzi, maiki inasikia spika: hamisha maiki au punguza, usiendelee kuimba juu ya mluzi. Na fundi mitambo mwite mazoezini kama mnavyomwita mwimbaji. Mimi namhesabu kama mpigaji. Yeye ndiye anayeamua watu watasikia nini.

Ujue pia uko kanisa gani. Ndugu zetu Wakatoliki wana waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1963 kuhusu liturujia. Unakipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, na unaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ridhaa ya mamlaka ya Kanisa mahali husika. Kwa hiyo dramu haiingii parokiani kwa uamuzi wa vijana, mnaanza kwa paroko. Kwenye KKKT, kanisa la Kilutheri, ibada ina mpangilio wa liturujia, na kundi la sifa linaingia mahali lilipopangiwa. Wasabato wengi hawapokei dramu ibadani, lakini nenda ukawasikilize wakiimba sauti nne bila chombo, kisha rudi uwaulize waimbaji wenu kwa nini wote watano wanaimba sauti ya kwanza. Sol-fa waliyoachiwa makwaya yetu na wamisionari ni elimu kamili. Mzee wa kwaya anayesoma do re mi kwenye karatasi iliyofifia ana kitu cha kukufundisha, mwendee. Nimeumia kuona makundi ya sifa na kwaya za kanisa moja wakigombania dakika na maiki kana kwamba ni timu pinzani.

Mambo ya pesa yasemwe mapema. Kuna makanisa yanalipa wapigaji, mengine yanatoa nauli, mengine hayatoi chochote. Yote matatu yanawezekana, mradi mmekubaliana kabla. Mwanafunzi anayepanda daladala mbili Jumamosi na mbili Jumapili asiachwe anung'unike kimya hadi atoweke, kiongozi aulize. Na kama kanisa linarekodi au kurusha ibada mtandaoni, kumbukeni nyimbo nyingi mnazoimba zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Andikeni jina la mtunzi, na mkitaka kutoa rekodi yenu ya wimbo wake, tafuteni kibali.

La mwisho, umeme. Utakatika, mara nyingine katikati ya kiitikio. Kabla jenereta haijawaka kuna dakika moja hivi ambayo wewe wa gitaa, kinanda na besi huna chombo. Usigeuke kumwangalia fundi. Piga makofi kwa pigo lile lile, imba kwa sauti yako, mpiga dramu aendelee taratibu. Lifanyieni zoezi hili Jumamosi makusudi: zimeni mitambo yote, imbeni wimbo mzima hivyo hivyo, na wimbo unaoanguka mara tu vyombo vikinyamaza, utoeni kwenye orodha ya Jumapili mpaka watu waujue.