Tangi Liko Kimara: Maneno Machache kwa Mtaa Unaosubiri Flaiova

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi mwenye shida ya nauli, nikapata kibarua cha siku tatu cha kuhesabu magari pale Ubungo mataa, Dar es Salaam. Enzi hizo daraja la juu, yaani flaiova, hakuna. Kuna taa ambazo trafiki wakishaingia barabarani hakuna anayezitazama tena, na Barabara ya Morogoro inakatana na Sam Nujoma upande wa Mwenge na Mandela upande wa Tazara. Nilipewa kiti cha plastiki, mwavuli wenye tangazo la simu, na fomu yenye safu tano: gari dogo, daladala, basi kubwa, lori, nyinginezo. Nilipangiwa wanaotoka Kimara na kukata kulia kwenda Tazara, hao tu. Kila gari kijiti, vijiti vinne vikisimama cha tano kinalala juu yao, na kila baada ya dakika 15 unaanza mstari mpya.

Kufika saa nne asubuhi nikawa najisifu kwa fomu yangu ilivyonyooka. Saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hesabu zilipishana vijiti vichache tu. Msimamizi wetu akapita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaja afande mmoja wa trafiki, mtu mzima, kuomba kivuli. Akaichungulia ile karatasi, akacheka.

"Kijana, unahesabu maji ya bombani. Tangi liko Kimara."

Nilidhani ananitania kwa sababu ya yale matangi ya maji ya Kimara, lakini kwa kweli alikuwa amenipa somo ambalo mwalimu wangu alilieleza kwa mihula miwili bila kuniingia. Makutano yakishajaa, unachokihesabu pale ni uwezo wa taa kupitisha magari. Hujahesabu wangapi wanataka kupita. Ndiyo maana saa zote zilifanana: bomba lilikuwa limejaa tangu alfajiri na likimwaga kadiri ya upana wake. Waliokwama huko nyuma Kibo na Baruti, aliyeamua kutoka nyumbani saa kumi na moja kabla kiti changu hakijafika, aliyeacha gari akapanda daladala ya kusimama, wote hao hawakuwamo kwenye fomu.

Tangu hapo nimefanya kazi za namna hii nyingi: kuhesabu, kuhoji abiria vituoni, kukaa kwenye mikutano ya mtaa ambapo wataalamu wanabandika ramani ukutani na wazee wanauliza kama nyumba zao zimo. Kwa sasa naishi upande wa Mbezi, ambako mji unakua mbele ya macho yangu. Watu wakisikia daraja la juu linakuja wananiuliza waseme nini mkutanoni. Nawaambia, kabla ya kuuliza daraja litakuwa na ngazi ngapi, ulizeni kama waliokuja kupima wameliona tangi.

Na msiende mikono mitupu. Mwenyekiti wa mtaa mwenye simu ya kawaida anaweza kuleta ushahidi ambao mshauri wa mradi hana. Simama sehemu moja, piga picha ya mwisho wa foleni kila baada ya robo saa kwa wiki nzima, andika imefika duka gani, kanisa gani, kalvati gani. Zungumza na makonda. Konda anajua bila kufikiri kwamba siku nzuri anapiga tripu sita na siku ya foleni nne, na anajua foleni ilianza lini kula hizo mbili, kwa sababu bosi anadai hesabu yake hata kama barabara imeziba. Niliwahi kupeleka daftari la konda ofisini. Walicheka, lakini wiki iliyofuata waliliomba tena.

Makutano ya njia nne yana miondoko 12 ya magari: minne inanyoosha, minne inakata kushoto, minne inakata kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekata kushoto hana shida na mtu. Anayekata kulia ndiye anayekatiza njia ya wenzake na kufanya taa ziwe na zamu nyingi. Flaiova nyingi huwainua wanaonyoosha, zikawaacha wanaokata kulia huko chini kusubiri taa kama zamani. Kama wengi wa mtaani kwenu ni wa kukata kulia, mnaweza kujengewa daraja zuri la kupitia watu wa mikoani huku ninyi mkibaki palepale mlipo. Kwa hiyo ulizeni kwa lugha nyepesi tu: mimi natoka hapa naenda pale, nionyesheni kwa kidole nitapita wapi. Mchoraji akisita, hapo ndipo mkutano unapoanza.

Halafu foleni inahama. Flaiova ya Tazara ilifunguliwa Septemba 2018, ya Ubungo Februari 2021, zote mbili zikiwa kwenye Mandela ileile. Kila moja imesaidia, nisiwe mchoyo wa shukrani. Anayekumbuka Ubungo ya jioni ya Ijumaa hawezi kubisha. Lakini kule Tazara daraja liliwainua watu wa Barabara ya Nyerere, wa mjini na uwanja wa ndege. Sisi wa Mandela tulibaki chini, na ukishavuka unaikuta Buguruni inakusubiri. Ukifungua bomba hapa, maji yanakwenda kujaa kwenye koki inayofuata. Ndiyo sababu simwamini mtu anayeniletea mchoro wa makutano yaliyokatwa kwenye ramani kwa mkasi, bila makutano ya kabla wala ya baada.

Kosa langu mwenyewe nalo nilieleze. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye timu ya usanifu wa makutano fulani ya pembezoni, nisiyataje. Kwenye fomu zetu waenda kwa miguu tuliwaweka mwishoni, tena kwa saa mbili tu za mchana. Daraja la miguu likachorwa mahali palipokuwa na nafasi, mbali na kituo, lenye ngazi ndefu za kuzunguka. Barabara ilipofunguliwa nilikwenda kuangalia. Mama mmoja ana ndoo ya dagaa kichwani na mtoto mgongoni, akaitazama ile ngazi, akatazama magari, akapita chini. Kwenye uzio wa katikati ya barabara kulikuwa tayari na tundu la upana wa mtu na ndoo yake. Nondo zimekunjwa vizuri kabisa, kazi ya fundi. Wakenya wameyaona hayohayo kwenye barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012: kilomita 50 za kasi, na watu wakiendelea kukatiza kwa miguu kwa sababu maisha yao yako pande zote mbili.

Kwa hiyo, nyinyi wataalamu wadogo mnaonisoma, kabla ya kuwasha kompyuta nendeni saa kumi na mbili jioni mkatafute njia ya panya. Udongo uliokanyagwa ukang'aa ndio mchoro wa kwanza. Kivuko kiwekwe hapo. Kituo cha daladala vilevile: daladala itasimama palipo na abiria, na abiria atasimama palipo na mwenye chapati na anayeuza vocha. Ukichora kituo bila kibanda hata kimoja, umechora mahali pa kuegesha malori. Pikipiki zipewe safu yao. Mwaka ule 2011 niliziandika chini ya "nyinginezo", na siku ya tatu safu ya nyinginezo ilikuwa inanimalizia karatasi.

Ardhi ndiyo inayouma. Kwenye Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, watu walibomolewa mwaka 2017 kwa hoja kwamba hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengi walikuwa wamejenga, wamezika wazazi, wamevuta umeme. Leo pana njia nane za lami hadi Kibaha, na ninazitumia kila siku, lakini sijawahi kupita Mbezi bila kuona moyoni ukuta fulani wa samawati uliokuwa na duka la vifaa vya shule.

Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande, kutoka 22.5 za awali. Hapo ndipo ilipotokea ile tofauti ya rangi za X inayochorwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi. Nyekundu maana yake wewe umeifuata barabara, utaondoka bila kitu. Kijani maana yake barabara imekufuata wewe, una haki ya fidia. Usisubiri rangi ikukute ukutani. Nunua futi kamba au muombe mpima wa halmashauri, pimeni kutoka katikati ya barabara, muandike. Halafu nenda ofisi ya ardhi uulize kama kipande chenu kina hifadhi ya pekee yake, kwa sababu 30 si kila mahali, kama watu wa Kimara walivyojifunza.

Mthamini akija, kuwepo nyumbani. Mwonyeshe mwembe, kisima, banda la kuku, msingi uliofunikwa na majani. Piga picha za fomu kabla hujaisaini, na hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nimeona mtu akizungushwa miezi kwa herufi moja. Fidia si bei ya nyumba peke yake, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita, ikichelewa inadai riba, na kwa sheria ya uthamini ya 2016 tathmini ikipita miaka miwili haijalipwa inakuwa imekufa, lazima ifanywe upya. Andika tarehe ya tathmini nyuma ya mlango. Kinachowaumiza watu wengi ni kukaa miaka bila kujenga, bila kuuza, bila kupiga hata rangi, kwa sababu ya mradi ambao bado unatafuta fedha.

Upande wa wapangaji wa miji nina neno moja gumu. Eneo linalokua haraka, ardhi inachukuliwa kabla ya zege, hata miaka 15 kabla, na ichukuliwe ya kutosha: ya daraja, ya barabara za pembeni, ya vituo, ya mitaro. Kiwanja kitupu unalipia kiwanja. Ukisubiri ghorofa mbili zisimame unalipia ghorofa, na usumbufu, na laana za watu. Sisemi mwinue daraja leo. Pengine taa zenye njia ya pekee ya kukata kulia, na barabara mbili za mitaa zilizounganishwa nyuma ili mtu wa kwenda sokoni asilazimike kuingia barabara kuu, zitawavusha miaka kumi kwa gharama ndogo mno. Barabara za nyuma hazina jiwe la msingi la kufunua, ndiyo maana zinasahaulika.

Kuhusu kipindi cha ujenzi sitasema mengi, kila mtu ana kovu lake. Dai kuona ramani ya mchepuko kabla kazi haijaanza, na uliza nani anahamisha mabomba na nguzo, na lini. Bomba kuu la maji kutoka Ruvu Juu linaifuata Barabara ya Morogoro. Jambo kama hilo likigunduliwa na kijiko cha mkandarasi, mtaa mzima unabeba ndoo.

Sasa hesabu za kesho. Hizi za Ubungo tulizozifanya 2011 zilizeeka zikiwa mikononi. Mabasi ya mwendokasi yakaanza 2016, jiwe la msingi la daraja likawekwa 2017, na mwaka uleule daraja lilipofunguliwa, 2021, stendi ya mabasi ya mikoani ikahamia Mbezi. Dar yenyewe ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Na hao milioni walioongezeka hawakujigawa sawasawa. Kariakoo ya katikati ya mji haikui kama Kibamba ya pembezoni. Anayechukua asilimia moja ya ukuaji wa mji mzima na kuipachika kwenye makutano yako, anakukatia suruali kwa kipimo cha jirani.

Mimi siku hizi nahesabu mchanga. Mchanga unaingia mtaani mwaka mmoja kabla ya familia, na familia inaingia miaka michache kabla ya gari. Jumamosi iliyopita nilikaa dukani kwa Mangi kwenye njia ya kwenda Goba, nikaagiza soda, nikafungua daftari. Fuso ya mchanga, kijiti. Fuso ya tofali, kijiti. Kirikuu yenye mabati, kijiti. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimegeuza ukurasa. Mangi alikuwa ananitazama tangu asubuhi, akashindwa kuvumilia.

"Kaka, mnakuja kutubomolea?"

"Hapana. Huku hakuna mradi wowote."

"Sasa unahesabu nini?"

Nikamwonyesha bonde lote lile, mapaa mapya yakimetameta hadi kwenye minazi. Akaangalia kidogo, kisha akaenda nyuma ya duka akarudi na futi kamba.