Fedha ya nchi isiyokuwepo: kwa mnaoanza kazi ya vifaa vya jukwaani Bagamoyo

Ukipewa tamthilia ya nchi ya kubuni, usikimbilie kuchora noti. Anza na bei. Chukua mswada na kalamu nyekundu, pigia mstari kila mahali panapotajwa fedha, kisha andika pembeni mambo matatu: kibaba cha mchele ni kiasi gani, kibarua analipwa kiasi gani kwa siku, na kitu ghali kuliko vyote mchezoni ni kipi. Miswada mingi haikubaliani yenyewe. Tendo la kwanza samaki mmoja anauzwa 3, tendo la nne shamba lenye minazi linauzwa 40. Kosa hilo mwandishi analifuta kwa dakika moja kama bado liko kwenye karatasi. Likigundulika noti zikishachapwa, ni hasara.

Tuseme nchi inaitwa Ungamani. Fedha yake iwe doti, na vipande vyake vidogo viitwe kete. Majina haya hayajaokotwa hewani: enzi za misafara iliyotokea hapa Bagamoyo kwenda bara, nguo ilikuwa fedha, na doti moja ilikuwa shuka mbili, yaani kama yadi nne, kete nazo, yale makombe madogo ya baharini, zimetumika kama fedha kwa karne nyingi. Jina la fedha likiwa na asili yake, mwigizaji hulitamka bila kusitasita. Majina ya kubuni kabisa, yenye silabi ngeni, humkwaza hadi usiku wa onyesho.

Doti moja iwe kete ngapi? Hapa pana somo zuri mlangoni petu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa mfano wa India. Namba 64 inagawanyika nusu kwa nusu hadi moja: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mtu asiyejua kusoma anaipata robo ya robo bila karatasi. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaibadilisha rupia kuwa heller 100, na neno hela tumebaki nalo hadi leo. Kama mchezo wenu una wachuuzi wanaovutana bei kwa "nusu ya nusu", chukueni 64. Kama una makarani na vitabu vya hesabu, chukueni 100. Mkichukua 64, msiweke bei kama kete 37, kwa sababu watazamaji wanahesabu kwa mia na watapotea njiani.

Aina za sarafu zisizidi nne: kete 1, kete 8, nusu doti na doti. Kwenye fedha ya mia, mpango ulio salama ni 1, 2, 5, kwa kuwa ukiwa na moja, mbili mbili na tano unaweza kulipa kila kiasi hadi kumi.

Sasa sarafu zenyewe, na hapa ndipo tunapowaomba mtulie, kwa sababu ndipo mchezo unapoaminika au kukosa kuaminika. Mtazamaji wa safu ya nyuma hauoni mchoro wako. Anaisikia sarafu ikigonga meza, na anauona mkono wa mwigizaji ukishuka kidogo kwa uzito wa mfuko. Sarafu ya plastiki au ya mbao haitoi mlio, na aluminiamu iliyokatwa kwenye sufuria kuukuu ni nyepesi mno, kama theluthi tu ya uzito wa chuma. Nendeni duka la vifaa vya ujenzi mkanunue washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyovishwa kwenye boliti.

Si washa yoyote. Washa ya kawaida ya boliti ya milimita 12 ina upana wa milimita 24 lakini tundu lake ni 13, na jicho linaitambua mara moja kuwa ni washa. Ulizeni zile pana zenye tundu dogo: ya boliti ya milimita 6 yenye upana wa 25, na ya boliti ya milimita 8 yenye upana wa 30. Hizo zinafanana na sarafu za tundu, mfano wa heller 10 za mwaka 1908 hadi 1914. Ile ndogo, yenye unene wa milimita 1.5, ina gramu 5 na ushei, kwa hiyo mfuko wa sarafu mia unapita nusu kilo. Kubwa inakaribia gramu 8. Rupia ya fedha ilikuwa na gramu 11.66, lakini kwenye jukwaa tofauti hiyo haimsumbui mtu. Kwa tendo la sokoni, 200 zinatosha. Kwa mfuko wa tajiri, jazeni chini kokoto ndani ya kitambaa, juu sarafu 40.

Washa mpya zinang'aa mno kwa sababu zimepakwa zinki. Kwanza zipelekeni kwa fundi agonge thamani kwa namba za kugongea chuma. Washa ndogo ina kama milimita 9 kati ya tundu na ukingo, hivyo namba ya milimita 5 inakaa vizuri na ya 8 inabana hadi inaharibu. Agongee juu ya fuawe. Akigongea juu ya ubao, washa inapinda. Kisha lowekeni kwenye siki, nje penye hewa, mkiangalia kila baada ya dakika kumi. Zikiwa kijivu, toeni, suuzeni kwa maji yenye magadi kidogo, kausheni siku hiyohiyo. Wengi huziacha usiku kucha. Zinki yote huondoka, na kwa upepo huu wa bahari kesho yake sarafu zina kutu na vidole vya waigizaji ni vya hudhurungi. Malizieni kwa kupaka rangi nyeusi kwenye namba na kuifuta juu ili ibaki kwenye mashimo tu, halafu vanishi nyepesi mara moja. Vanishi nzito inaua mlio.

Mkitaka picha, iwe moja tu na inayosomeka ikiwa na upana wa kidole gumba. Sarafu za kwanza za Tanzania huru, za mwaka 1966, zinafundisha hili vizuri: sulisuli kwenye senti 5, mbuni kwenye 20, sungura kwenye 50, mwenge kwenye shilingi. Kila moja unaitambua kwa umbo lake kabla hujasoma neno.

Noti ni rahisi zaidi. Ukubwa wa milimita 130 kwa 65 unatoa noti sita kwenye karatasi moja ya A4, safu tatu kwa upana wa karatasi na mbili kwa urefu wake, na nafasi ya kukata inabaki. Noti 300 ni karatasi 50. Karatasi iwe ya gramu 100. Ya gramu 80 inalia chakachaka kama fomu ya ofisini. Mashine ikichapa pande mbili, upande wa nyuma huhama milimita moja au mbili, kwa hiyo nyuma msiweke fremu bali mchoro unaoenea hadi nje ya mstari wa kukata. Tofauti za thamani zionekane kwa rangi, lakini epukeni nyekundu kwa noti kubwa na buluu kwa ndogo, maana hizo ni elfu kumi na elfu moja yetu.

Bunda la noti 100 lina unene wa sentimita moja hivi. Chapeni tano za juu na tano za chini, katikati karatasi tupu ya ukubwa uleule, ila kama mswada unasema mtu anahesabu mbele ya watu, chapeni zote. Na pimeni muda: mahari ya doti 120 kwa noti za kumi ni noti 12, takriban sekunde 12 za kuhesabu. Mwandishi awe ameandika maneno ya kuzijaza sekunde hizo.

Noti mpya zote humfanya mchuuzi wa samaki aonekane ametoka benki. Chovyeni kwenye chai ya rangi, vifuko vinne vya majani kwa lita moja, dakika moja au mbili, kisha anikeni na kupiga pasi chini ya kitambaa. Hii ni kwa zilizochapwa kwa mashine ya leza. Wino wa maji unayeyuka wote, kwa hiyo kama mnayo hiyo tu, chovyeni karatasi kwanza, zikikauka ndipo mchape. Msipake mafuta ya nazi; yanaacha madoa yanayoangaza mbele ya taa.

Kutengeneza noti bandia ni kosa la jinai, na utani hauwi kinga. Kwa hiyo hata kwenye noti ya nchi ya kubuni pasiwe na neno shilingi, wala jina la benki kuu yoyote ya kweli, wala sura ya kiongozi. Pande zote mbili andikeni NOTI YA MCHEZO kwa herufi ambazo muuzaji wa genge atazisoma jioni penye mwanga hafifu, lakini mtazamaji hatazisoma. Mtu mmoja akabidhiwe sanduku, ahesabu kabla ya pazia na baada ya pazia, na noti zilizoharibika wakati wa kukata zichomwe siku hiyohiyo, zisiachwe jalalani watoto wakaziokota.

Masika yakiingia, noti hunyonya unyevu na kuota ukungu wa kijani pembeni. Ziwekeni kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa kidogo bila mafuta, na mchele huo ubadilishwe kila wiki mbili. Sarafu zikae chombo chao peke yao: zikichanganywa na noti, vumbi la kutu litapaka kila karatasi.